Bosi anasema IT hatuna kazi: maswali yenu na majibu

Barua za mara hii nyingi zimetoka kwa watu wa IT wenyewe, na kilio chao ni kilekile kwahiyo nimeanza nacho na nimekipa nafasi kubwa. Wale wa "ninunue simu gani" naomba mnivumilie, nitawajibu toleo lijalo.

Anko shikamoo. Mimi ni msichana, nafanya IT kwenye hospitali ndogo ya binafsi huku Mwanza. Niko peke yangu, printa ni mimi, rauta ni mimi, mfumo wa wagonjwa ni mimi, hadi kamera za getini ni mimi. Shida yangu ni mkurugenzi. Mambo yakienda vizuri anapita ananikuta nimekaa kwenye kompyuta anasema wewe binti unalipwa kukaa. Mfumo ukigoma dakika kumi anapiga simu, sasa wewe tunakulipa kwa ajili gani. Nimeomba hadidiski mbili za bakapu tangu mwaka jana naambiwa bajeti hakuna, na juzi imenunuliwa TV kubwa ya kuweka mapokezi. Nimechoka, nifanyeje? (Aliyechoka, Mwanza)

Marahaba mwanangu, na pole. Hauko peke yako, nina barua za aina hii kutoka Mbeya, Kahama, Eldoret, yaani ungedhani mmeandika mmekaa chumba kimoja.

Kazi yetu ikifanyika sawasawa haionekani, na kitu kisichoonekana hakuna mtu anakitengea hela, hapo ndo pana shida yote. Mkurugenzi wako sio lazima awe mtu mbaya, ye anaona TV kwa sababu TV inaonekana. Kwahiyo kazi yako ya pili, ambayo chuoni hawakukufundisha, ni kuifanya ya kwanza ionekane kabla janga halijaionyesha.

Ngoja nikupe kisa ambacho kila mtu wa IT anapaswa kukijua. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, hawa ambao waandishi wa programu duniani kote wanahifadhi kazi zao kwao, mhandisi wao mmoja alikuwa anahangaika usiku na hifadhidata iliyogoma kujinakili kutoka seva moja kwenda nyingine, kachoka, muda umeenda, akafuta folda kwenye seva ambayo siyo. Anakuja kustuka na kusimamisha, kwenye GB 300 hivi zimebaki kama 4.5. Sasa sikia hapa. Walikuwa na njia tano za kutunza nakala na hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi ipasavyo! Ile bakapu ya kila siku ilikuwa inafeli kimyakimya kwa sababu programu ya kuchukulia nakala ilikuwa toleo tofauti na la hifadhidata yenyewe, na barua pepe za kuonya kwamba jamani bakapu imefeli zilikuwa zinakataliwa njiani kwahiyo hazikumfikia mtu. Kilichowaokoa ni nakala moja ambayo mhandisi huyohuyo aliichukua kwa mkono masaa sita hivi kabla, kwa ajili ya majaribio yake tu. Data za yale masaa sita zikapotea moja kwa moja. Nachowaheshimia GitLab ni kwamba hawakuficha, waliandika kila kitu hadharani na hata ukarabati wakaurusha laivu watu wakatazama, na yule mhandisi hawakumfukuza.

Hiyo ni kampuni iliyojaa wahandisi. Wewe uko peke yako na hata hizo diski huna.

Sasa cha kufanya. Usiende kwa mkurugenzi na neno bakapu, neno hilo kwake ni gharama. Nenda na swali: mzee, mashine ya mfumo wa wagonjwa ikifa leo saa nne asubuhi, madai ya bima ya mwezi huu tutayapeleka na nini? Na mgonjwa wa kisukari mnayemtibu mwaka wa tatu sasa, daktari atasoma wapi historia yake? Muulize tutakaa siku ngapi bila mfumo, halafu nyamaza, mwache ahesabu mwenyewe. Mwambie pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kufanya kazi 1 Mei 2023, na taarifa za afya ziko kwenye kundi la taarifa nyeti, kwahiyo zikipotea au zikivuja wa kuulizwa ni taasisi, na wewe binti wa IT hautatosha kuwa jibu. Wakurugenzi wengi wanaisikia sheria haraka kuliko wanavyotusikia sisi.

Ombi liwe la maandishi. Barua pepe fupi, bei ya diski mbili umeiweka, na nini kitatokea zisiponunuliwa. Akijibu hapana nayo iwe kwa maandishi, hiyo sio ya kumtega, ni kinga yako siku likitokea.

Diski zikija (na zitakuja ukiendelea kuuliza) utaratibu ni ule wa siku zote, nakala tatu, kwenye vifaa viwili vya aina tofauti, na moja ikae nje ya jengo. Hiyo ya nje ya jengo watu wanaipuuza sana. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVH kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua moto, na wapo wateja waliokuwa na bakapu zao hapohapo kituoni, data na bakapu vyote wakavikosa asubuhi moja. Na diski ya bakapu usiiache imechomekwa masaa yote, virusi hivi vya kufunga mafaili na kudai hela vikiingia vinafunga na hiyo pia. Chukua nakala, chomoa, ficha.

Halafu kitu cha mwisho ambacho ndo kikubwa kuliko vyote, jaribu kurudisha. Tafuta mashine moja ya akiba, rudisha data, mwite mhasibu akae pembeni aangalie kama takwimu zake ziko sawa. Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu. Na ukimwita mhasibu unapata na shahidi, maana siku ya kikao cha bajeti ye ndo atakutetea, wahasibu wakishaona kwa macho hawasahau.

Nunua na kadaftari. Kila jioni mistari miwili: leo nimezuia nini, nimerekebisha nini. Mwisho wa mwezi ukurasa mmoja kwa mkurugenzi bila kuombwa.

Kaka mambo. Ofisini kwetu Dodoma kila siku 30 mfumo unatulazimisha kubadili paswedi, lazima herufi kubwa, namba na alama. Mama wa masijala kaandika ya kwake kwenye karatasi kaibandika chini ya kibodi. Naona ni usumbufu tu ila IT wanasema ndo usalama. Nani yuko sahihi? (Mhasibu, Dodoma)

Poa kaka. Uko sahihi wewe, na mama wa masijala msimcheke, kafanya kile ambacho binadamu yeyote angefanya.

Utaratibu huo una historia. Mwaka 2003 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wa paswedi, alama humu, namba pale, badilisha kila baada ya muda, na dunia nzima ikaukopi. Mwaka 2017 haohao NIST wakaja na mwongozo mpya unaosema acheni kuwalazimisha watu kubadili kwa ratiba, badilisheni pale tu kukiwa na dalili kwamba imevuja, na urefu una faida kuliko mchanganyiko wa alama. Bill Burr mwenyewe aliyeandika ule wa 2003 alisema hadharani kwamba anajutia mengi aliyoyaandika. Na sababu unaiona hapo ofisini, mtu ukimlazimisha kila mwezi anaweka Januari@2024, ikifuata Februari@2024, mwizi akiipata moja kazipata zote za mwaka.

Waambie watu wa IT kwa upole, maana huenda nao wamerithi hiyo sera na hawajapewa nafasi ya kuigusa. Paswedi iwe ndefu, maneno manne au matano ya Kiswahili yasiyohusiana ambayo wewe unayakumbuka, na juu yake iwekwe hatua ya pili ya kuthibitisha. Hatua ya pili kama inawezekana iwe ile app ya kuzalisha namba kwenye simu badala ya SMS, kwa sababu kuna wanaoiba laini ya mtu kwa kuisajili upya na SMS zote zinakwenda kwao.

Kaka, mimi niko Arusha kampuni ya utalii. Mei 2024 intaneti ilipokatika bosi alikuja juu kwamba nimeharibu rauta, wageni wanatuma imeili hazijibiwi, akanikata mshahara. Nilimwambia ni kebo ya baharini hakuamini. Hivi ningemthibitishiaje? (Wa Rauta, Arusha)

Kaka hiyo imeniuma, kukatwa mshahara kwa kebo iliyo chini ya bahari ya Hindi!

Jumapili ya 12 Mei 2024 kebo mbili, EASSy na Seacom, zilikatika karibu kwa wakati mmoja upande wa pwani ya Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban huko. Miezi michache kabla yake, Februari, kebo kadhaa zilikuwa zimeshakatika Bahari ya Shamu, Seacom ikiwemo, kwahiyo njia ya kaskazini ilikuwa tayari ni mbovu, na ilivyokuja kukatika ya kusini Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Msumbiji wote wakaisikia. Seacom ndo kebo ya kwanza ya kimataifa kutufikia huku, 2009, na EASSy ikaja 2010, kabla ya hapo tulikuwa tunanunua intaneti ya setilaiti kwa bei ya kutisha. Watu wengi bado wanadhani intaneti inatoka kwenye mnara, kumbe mnara ni hatua ya mwisho tu. Kuunga kebo kunahitaji meli maalum iende, ikatafute mahali palipokatika, ipandishe ncha mbili juu ya maji ziungwe, kwahiyo sio jambo la kupiga simu jioni asubuhi likawa tayari.

Uthibitisho ungeupata kwa dakika tano. Unaanza karibu kwenda mbali. Ping rauta yako (ping ni amri ya kompyuta ya kukiuliza kifaa kama kipo), ikijibu basi rauta nzima na waya wako wa ndani mzima. Ping kifaa cha kampuni inayowauzia intaneti, ikijibu laini ipo. Kisha fungua tovuti ambayo seva yake iko humuhumu nchini, data za ndani zinabadilishana kwenye kituo cha TIX pale Dar bila kuvuka bahari, kwahiyo inaweza kufunguka vizuri tu. Mwisho jaribu ya Ulaya. Kama za karibu zote zinajibu na za mbali ndo zinakufa, tatizo liko baharini au kwa mwenye laini, na wewe unapiga picha ya skrini pamoja na saa yake unaituma kwa bosi kabla hajakupigia. Hiyo "kabla" ina nguvu sana, ukieleza kabla ya kuulizwa ni taarifa, ukieleza baada inasikika kama utetezi.

Na kama kampuni inaishi kwa imeili za wageni, ombeni laini ya pili, ila muulizeni muuzaji inapita kebo gani. Kampuni mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa zimekodi njia kwenye kebo ileile, mnalipa mara mbili na mnakatika pamoja.

Mshahara wako udai kwa barua. Tangazo la mamlaka na la kampuni za simu la siku zile ambatanisha.

Habari ya kazi ndugu yangu. Niko Nairobi. Ile siku CrowdStrike, ile kampuni ya ulinzi wa kompyuta, ilianguka na ndege zikakwama dunia yote, sisi tulifanya kazi kama kawaida na antivirus yetu ni ile ya bure. Bosi hadi leo anatuambia si mnaona, vitu vya bei ndivyo vinaangusha watu. Ni ukweli? (Msomaji wa Nairobi)

Si ukweli ndugu, ila naelewa inavyovutia kuamini hivyo. Hamkuguswa kwa sababu hamkuwa wateja wao, basi.

Ilikuwa Ijumaa 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, CrowdStrike wakasambaza apdeti ndogo ya programu yao ya ulinzi iitwayo Falcon. Wala haikuwa programu mpya, ilikuwa faili la maelekezo ya nini cha kutafuta. Maelekezo yalitaka vipengele 21, programu iliyoko kwenye mashine ilikuwa inatoa 20, ikaenda kukisoma cha 21 kwenye kumbukumbu mahali ambapo hakipo. Ingekuwa programu ya kawaida ingejifunga yenyewe mambo yakaisha, lakini Falcon inakaa ndani kabisa kwenye kiini cha Windows, ikianguka inaanguka na Windows yote, na ukiwasha tena inaanguka tena. Walilirudisha faili baada ya dakika 78, ila mashine zilizokwisha kulipokea zilikuwa zimeshakufa, Microsoft walikadiria milioni 8.5. Delta peke yao walifuta takriban safari 7,000 siku zile.

Watu wakaongea sana kuhusu hisa za kampuni na nani kaitwa bungeni Marekani. Mimi nilikuwa nafikiria wale vijana wa IT kwenye viwanja vya ndege na hospitali. Dawa ilikuwa ni kwenda kwenye mashine moja moja kwa miguu, kuiwasha kwenye hali salama, kufuta faili moja, kuwasha tena, halafu mashine inayofuata. Na penye mashine zilizofungwa kwa BitLocker, lile kufuli la Windows la kufunga diski, unahitaji ufunguo wa tarakimu 48, na kuna sehemu funguo zenyewe zilikuwa zimehifadhiwa kwenye seva ambayo nayo imelala. Watu hao walikesha wikendi nzima, na nina hakika Jumatatu wengi wao waliulizwa kwa nini imechukua muda mrefu.

Somo la pale halihusu bei ya antivirus hata kidogo. Lilikuwa faili moja lililopelekwa kwa wote kwa mpigo. Lingeenda kwanza kwa mashine chache wakasubiri saa moja, leo tusingekuwa tunalitaja. Hata nyie na hiyo ya bure, apdeti yoyote anza na mashine mbili tatu za watu wa IT, lala nayo usiku mmoja, kesho ndo uwape wengine. Na zile funguo za BitLocker chapisha karatasi, weka kwenye kabati lenye kufuli.

Anko mambo vipi, namaliza diploma ya kompyuta Morogoro. Kila siku nasoma akili mnemba inaandika programu yenyewe na makampuni makubwa yanapunguza watu. Baba anasema nibadili nisomee uhasibu. Nishauri kweli. (Kijana, Moro)

Kijana wangu, baba yako anakupenda na hofu yake ni ya haki. Lakini mimi ningebaki.

Kutabiri kazi gani itakufa ni jambo ambalo hata wakubwa wamelikosea. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hii hasa, alisema tuache kusomesha madaktari wa kusoma picha za eksirei kwa sababu ndani ya miaka mitano mashine itawapita. Miaka ikapita na madaktari hao bado wanatafutwa. Na hiyo akili mnemba unayoiogopa imetengenezwa na mikono ya watu, wengine majirani zetu kabisa, Januari 2023 jarida la Time liliandika kuhusu vijana wa Nairobi waliokuwa wanalipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu ya kutisha ili ChatGPT ifundishwe kuyakwepa. Ukisoma habari za teknolojia uwe unauliza na hilo, nani kaifanya hii kazi na kalipwaje.

Ukweli mwingine ni kwamba kuandika mistari ya programu hakujawahi kuwa kazi yote. Kaa na mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye duka la vipuri anataka mauzo yake yaende sawa na mashine ya risiti ya EFD, malipo ya simu yajiandike yenyewe kwenye daftari lake, na ada za serikali azilipe kwa kontroo namba. Ye mwenyewe hajui kukueleza anachotaka, anakuonyesha daftari lenye mafuta ya gia. Kuelewa lile daftari ndo kazi. Ukishalielewa, hiyo akili mnemba ikuandikie sehemu inayochosha, sina tatizo nayo na mi mwenyewe naitumia kusomea makosa ya seva.

Masharti yangu mawili tu. Usiweke kwenye mfumo wa mtu mstari ambao huwezi kuueleza mdomoni, na taarifa za wateja usizibandike humo. Halafu usiishie kwenye kutengeneza tovuti, jifunze mitandao, Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows, ila wa bure), hifadhidata, na namna ya kusoma kumbukumbu za mfumo linapoharibika jambo usiku. Na somo la uhasibu chukua hata la muhula mmoja, baba atafurahi na wateja wako wengi shida zao ni za hesabu.

Assalamu alaykum. Mimi mtu wa Unguja niko Muscat, nafanya kazi kwenye chumba cha seva, nyingi ni Linux. Mudiri wetu tangu lile sakata la xz anataka tuhame kwenye programu huria zote tununue za kulipia, anasema hizi za bure hujui kaandika nani. Rai yako nini ndugu yangu? (Wa Muscat)

Waalaykum salaam ndugu yangu. Mwambie mudiri wako kisa chote, asikisikie nusu.

xz ni programu ndogo ya kubana mafaili, imo karibu kila Linux. Aliyekuwa anaitunza ni Lasse Collin wa Finland, peke yake, bila malipo, na aliwahi kusema wazi kwamba afya yake ya akili haiko vizuri na muda hana. Akajitokeza mtu wa jina la Jia Tan, hakuna anayemjua sura, akasaidia kwa upole zaidi ya miaka miwili, na akaunti nyingine zikawa zinamsukuma Collin kwa maneno makali kwamba anachelewa, ampishe mwingine. Akaaminiwa. Kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, mwanzoni mwa 2024, akaficha mlango wa siri wa kuingilia seva kupitia SSH, ile njia ambayo mafundi wanaingilia seva wakiwa mbali.

Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa programu ya hifadhidata ya PostgreSQL aliyeko Microsoft. Alikuwa anapima mambo yake mengine akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde na prosesa inafanya kazi kuliko kawaida. Nusu sekunde! Wengi tungesema mashine imechoka tukaendelea, ye akakaa akachimba, na 29 Machi 2024 akaitangazia dunia, kabla matoleo yale hayajaingia kwenye Linux za kawaida za maofisini. Aliweza kuchimba kwa sababu programu ilikuwa wazi mbele yake.

Sasa mudiri aipime na SolarWinds, programu ya kulipia, imefungwa, ya kampuni yenye jina. Mwaka 2020 wadukuzi walipenyeza virusi kwenye apdeti rasmi, takriban wateja 18,000 wakaipakua, wizara za Marekani zikiwemo, na ilikaa miezi kabla kampuni ya usalama ya FireEye haijaigundua Desemba. Hela ya leseni haikumlinda mtu pale.

Rai yangu, hela alizotenga mudiri za kununulia leseni azigawe. Sehemu iende kwa watu wanaotunza programu mnazozitegemea, wengi wanapokea michango, na sehemu iwape nyie muda wa kuangalia seva zenu kwa utulivu. Mtu anayekimbizwa kutoka ombi moja la msaada kwenda jingine, ile nusu sekunde hawezi kuiona.

Mwanangu, hujambo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Tanga. Nina laptopu niliyopewa na binti yangu, naandikia kumbukumbu zangu. Sasa inaniambia Windows 10 imekwisha na haiwezi kupanda kwenda 11. Fundi wa mjini anasema niitupe ninunue mpya. Pensheni yenyewe unaijua. (Mwalimu, Tanga)

Sijambo mwalimu, shikamoo. Usiitupe.

Ni kweli Microsoft walisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake mashine inaendelea kuwaka na kuandika kama jana, ila viraka vya usalama haviji tena kwa utaratibu wa kawaida. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za karibuni, kwa Intel ni kuanzia kizazi cha nane, ndo maana yako inakataliwa hata kama ni nzima kabisa. Binafsi naona ni uonevu kwa watu wenye mashine nzima, na nchi zetu ambazo zinanunua laptopu zilizotumika ndo zimeumia zaidi.

Njia ziko mbili. Ya kwanza, Microsoft wameweka nyongeza ya viraka hadi 13 Oktoba 2026, unaingia kwa akaunti ya Microsoft, kisha unakubali masharti yao au unalipa dola 30, iko kwenye ukurasa wa apdeti wa Windows yenyewe. Ya pili, ambayo kwa kazi yako ya kuandika naipenda zaidi, ni kuwekewa Linux Mint. Ni bure, ni halali, ina programu ya kuandikia inaitwa LibreOffice na inafungua mafaili yako ya Word. Kama ndani kuna diski ya kizamani inayozunguka, ombeni ibadilishwe iwe SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, utaona mashine imekuwa nyepesi.

Fundi akikwambia ana Windows 11 "ya kupitisha" kwa elfu kumi, usikubali, humo ndo virusi vinamoingilia. Na kabla mkono wa mtu yeyote haujaigusa, kumbukumbu zako zote zinakiliwe kwenye flashi mbili, moja ukae nayo, nyingine mpe binti yako. Mwambie afungue faili moja moja kwenye kompyuta yake aone zinasomeka, akishakuhakikishia ndo laptopu iende kwa fundi.